Safari ya Siku Hupangwa kwa Goti Lililofungwa

Andika, Zuhura, na usinisahihishe. Ukiona nimesema jambo kwa namna ambayo walimu wako hawaisemi, liache kama lilivyo. Mimi sikukaa darasani hata asubuhi moja, lakini maneno yangu yana mpangilio wake, nami naujua.

Wajukuu zangu, nimesikia kwamba mnakwenda Italia, pwani ya kusini, na kwamba mimi ni mmoja wa wasafiri. Kwa hilo nashukuru. Nimesikia pia, kwa kuwa mlango wa jikoni mwangu hapa Hässelby, pembeni mwa Stockholm, hauzuii sauti, kwamba siku ya kupanda mlimani Bibi “atapumzika hotelini.” Idi, mmoja wenu, ndiye aliyetamka, kwa Kiswidi, kwa upole wa mtu anayemfunika mgonjwa blanketi, wala hakuna aliyempinga. Sikukasirika. Hukasirika yule asiyejua jambo hurekebishwa vipi, na kulirekebisha jambo la namna hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu kabla baba zenu hawajaota meno ya utu uzima. Kwa hiyo kaeni chini niwaeleze kazi ile ilivyofanywa. Mkisha kunisikiliza, mtaamua wenyewe nani apumzike.

Nilikuwa mpangaji wa matembezi ya siku katika ofisi ndogo ya safari, nyuma ya soko la Hötorget, katikati ya mji. Miaka ile, mwishoni mwa sitini na kuingia sabini, Waswidi wa kawaida walikuwa wameanza kupanda ndege za kukodi kwenda kuota jua. Aliyekwenda alipewa kitanda, kifungua kinywa na ufuko. Siku za mwanzo alikuwa peponi. Baada ya hapo mgongo ulikuwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa, bahari ilikuwa bahari ile ile ya jana, na mume na mke walikwisha kuambiana yote waliyokuwa nayo ya kuambiana. Ndipo walipoanza kuuliza, “Hapa kuna nini kingine?” Kazi yetu ilikuwa kuwa na jibu kabla swali halijaulizwa.

Mtauliza mtu asiyejua kusoma aliajiriwaje katika ofisi. Nilizaliwa Kismayu, wakati Waitalia wanatawala, na tangu utoto nililea watoto katika nyumba ya Mtaliani mwenye shamba la ndizi. Kitaliano kiliniingia kama harufu ya moshi inavyoingia nguoni. Babu yenu, Mtanga wa watu, alinioa Mombasa, akanileta huku kwa kuwa alikuwa fundi wa mashine katika meli ya Waswidi. Ofisini nilianza kwa kupiga deki. Siku moja simu ya Italia ililia, aliyeizoea hayupo, nikaipokea. Mwenye hoteli wa upande wa pili alikuwa akifoka, nami nikamfokea kwa Kitaliano cha jikoni. Tukaelewana. Kuanzia hapo ndoo na ufagio vilikabidhiwa mtu mwingine.

Lakini kuongea lugha si kupanga safari. Kupanga nilifundishwa na Bi Margit, na yeye ndiye ninayetaka mumjue.

Bi Margit alikuwa kondakta wa tramu mpaka Uswidi ilipohama kutoka upande wa kushoto wa barabara kwenda wa kulia na tramu za katikati ya mji zikaondolewa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na magurudumu ya chuma. Watu walipomshangaa kwamba mkata tiketi anapanga safari za Italia, alikuwa akijibu, “Nimeyaona magoti ya mji mzima yakipanda ngazi. Ninyi mmeona nini?”

Wakati ule ule Waswidi walikuwa wanaacha kuitana kwa vyeo. Mkurugenzi na mfagiaji wakawa wanaitana kwa jina tupu, kama watoto uwanjani. Mimi sikuweza. Nilimwita Bi Margit, kwa Kiswahili, katikati ya Kiswidi changu kibovu.

“Hiyo ‘Bi’ ni nini?” aliniuliza.

“Ni heshima ya mwanamke mzima.”

“Lakini sasa heshima imefutwa nchi nzima, Esha.”

“Kwenu imefutwa. Kwangu bado.”

Akatafakari kidogo, kisha akasema, “Basi ibaki. Ila usinipe mbele ya mkurugenzi, atataka yake.”

Zuhura anacheka badala ya kuandika. Tuendelee.

Fundisho lake la kwanza lilikuwa hili: safari ya siku hupangwa kuanzia mwisho. Anza na saa ambayo mzee aliyechoka kuliko wote atataka kuwa ameketi kitandani, viatu vimevuliwa, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ufike asubuhi. Wapangaji wengi huanza na asubuhi, na asubuhi ni mwongo. Asubuhi kila mtu ni shujaa.

La pili lilihusu bahari na viti vya basi. Njia za pwani ile zimechongwa ubavuni mwa mlima, bahari iko upande mmoja tu. Ukienda na kurudi kwa njia ile ile, waliokaa kushoto wataiona asubuhi na waliokaa kulia wataiona jioni, wala hakuna atakayeombwa ahame kiti. Lakini ukitengeneza safari ya mzunguko, upande mmoja utakula bahari kutwa na mwingine utakula mawe. Bi Margit aliziita safari za mzunguko dhuluma. Mkurugenzi alizipenda kwa kuwa zilipendeza katika ramani. “Ramani haiketi kwenye kiti,” Bi Margit alimwambia, na mjadala ukaishia hapo.

Na yako madogo madogo. Usimpeleke mtu popote siku ya kwanza. Roho yake bado iko njiani. Usiweke makanisa mawili katika siku moja, maana la pili hulifuta la kwanza. Beba shela za ziada, kwa sababu msimamizi wa kanisa la Kitaliano hatamruhusu mwanamke mwenye mabega wazi, na Waswidi wakiona jua hufunua mabega kabla hawajafunua macho. Kumbuka kwamba mchana Waitalia hufunga kila kitu wakaenda kula na kulala. Ukifika wakati huo utakuwa umewapeleka watu kutazama milango. Na acha pengo katika siku, muda usio na jina, ambamo mtu anaweza kupotea kidogo na kujiona mvumbuzi.

Lakini fundisho kubwa ni la goti.

Siku tuliyokwenda kuzijaribu njia kwa mara ya kwanza, Bi Margit alifungua sanduku lake akatoa mwiko wa mbao na soksi mbili ndefu za sufi za marehemu mumewe. Akauweka mwiko nyuma ya goti langu, akazungusha soksi akazikaza, mguu ukawa mgumu kama mchi. Kisha akanipa mkoba wenye mawe.

“Sasa panda,” akasema.

“Mimi ni kijana, Bi Margit. Nitapanda mlima huu huku naimba.”

“Ndiyo maana nimekufunga. Miguu yako haijui lolote.”

Alijifunga na yeye goti lake. Tukapanda hivyo, wanawake wawili, mmoja mweupe mrefu, mmoja mweusi mfupi, tunachechemea kama bata wawili waliogombana. Kila tulipolazimika kusimama, aliweka alama ya chokaa mahali pale. Chokaa ilisema: hapa panahitaji kituo. Idadi ya ngazi msiniulize. Bi Margit hakuhesabu ngazi hata siku moja. Alisema goti halijui hesabu, linajua tu kwamba sasa basi.

Halafu ilifuata sanaa yenyewe, ambayo mpaka leo naistaajabia. Penye kila alama ya chokaa alitafuta sababu ya kusimama ambayo si mguu. Kama palikuwa na mfinyanzi karibu, tulikubaliana naye apake rangi sahani mbele ya wageni. Kama palikuwa na muuza malimau, wageni wangeonja. Kama hapakuwa na kitu, alilitazama bonde mpaka akapata jambo la kulionyesha. “Usiwaambie watu ‘pumzikeni,’” alinionya. “Ukisema hivyo, wote watamgeukia yule anayehema. Waambie ‘tazameni.’ Mtu anayetazama hana umri.”

Sikujua alikoyatoa hayo mpaka nilipomuuliza. Alinijibu bila kuacha kukunja soksi. Mama yake alikuwa na mguu mmoja mbovu. Kila kiangazi jamaa zao walipanda mashua kwenda kwenye visiwa vya nje ya Stockholm, na kila kiangazi mama aliachwa gatini na kikapu cha kushona, akiwapungia mkono. “Alikuwa akipunga vizuri sana,” Bi Margit alisema. “Sisi tulidhani anafurahi.”

Sasa nifike kwa Bi Elsa.

Alikuja ofisini kwetu majira ya baridi, pamoja na wanakwaya wenzake wa Farsta, kitongoji cha kusini mwa Stockholm, watu wazima waliokuwa wameweka akiba wakaone pwani ya Amalfi. Kiongozi wao aliitwa Bengt, mstaafu wa reli, mtu mwema aliyependa mambo yanyooke kama reli. Matumaini yao makubwa yalikuwa Ravello, hiyo hiyo mnayokwenda ninyi, kijiji kilichoketi juu kabisa ya mlima, ambako mwisho wa kijiji kuna bustani, na mwisho wa bustani kuna baraza iliyoning’inia juu ya bahari. Ukisimama pale huoni ardhi chini yako. Walitaka waimbe pale, pamoja.

Bi Elsa alikuwa mshonaji, mjane, na ndiye aliyekuwa na sauti ya chini katika kwaya, ile ambayo huisikii ikiwepo na unaikosa isipokuwepo. Nyonga yake ilikuwa imeharibika. Alitembea kwa mkongojo ambao aliuficha nyuma ya koti kama mtoto anayeficha peremende.

“Siku ya Ravello,” Bengt alisema, “Elsa atapumzika hotelini. Tumekwisha kuzungumza.”

“Ni kweli,” Bi Elsa akasema upesi. “Mimi msinijali. Nitakuwa na kitabu changu na bahari yangu.”

Alipokuwa anasema hivyo aliinua mkono kidogo, hivi, kama anayepunga.

Nilimtazama Bi Margit. Uso wake haukubadilika, lakini aliiweka kalamu chini. Walipoondoka aliniambia, “Yule mwanamke atafika kwenye ile baraza. Na hatajua kwamba amefikishwa.”

Hilo la pili ndilo lililokuwa gumu. Mkurugenzi alishauri tukodi vijana wawili wambebe kwenye kiti. Bi Margit alimwuliza kama yeye angependa kubebwa mbele ya kwaya. Bwana yule akaenda kunywa kahawa.

Majira ya kuchipua, kabla ya msimu wa wageni, tulikwenda Ravello. Basi huishia chini ya kijiji; kutoka hapo ni vichochoro vya mawe na ngazi. Tukajifunga magoti, na safari hii Bi Margit akaniongezea kitambaa kiunoni, kilichokazwa upande mmoja ili nyonga nayo isikunjike. Mfinyanzi wa kichochoro cha kwanza alitoka dukani aliponiona.

“Maskini, binti mdogo hivi! Nani kakuvunja?”

“Mwajiri wangu, huyo hapo nyuma.”

Akamtazama Bi Margit anayechechemea vilevile. “Na yeye?”

“Yeye kajivunja mwenyewe, ili asionekane mbaguzi.”

Alicheka mpaka akaegemea mlango, na kuanzia dakika ile alikuwa wetu. Alikubali kupaka rangi sahani, tena akasema atairefusha hadithi ya samaki aliyechorwa kwa kadiri tutakavyomkonyeza.

Kituo cha pili kikawa uwanja wa kanisa, kwa kahawa, kwa kuwa Mswidi asipopata kahawa ya asubuhi hana dini wala heshima. Cha tatu kilikuwa benchi refu la mawe, nje ya tao la zamani, mahali ambapo njia inainuka kwa mara ya mwisho kabla ya bustani. Nilipofika pale, wajukuu zangu, nyonga iliyofungwa ilikuwa inawaka moto. Sikuwa ninaigiza tena. Mlango wa jirani ukafunguliwa, akatoka kikongwe aliyevaa nguo nyeusi, akaniwekea kiti cha majani bila kuuliza lolote. Jina lake Bi Assunta. Nilikaa kwenye kiti chake nikaona haya mpaka kwenye masikio. Mimi, mzima wa afya, nikaona haya ya kupewa kiti mbele ya wapita njia. Nilimweleza Bi Margit hali hiyo. Alinisikiliza kwa makini kuliko nilipomweleza maumivu.

Lile benchi tulilipenda. Lilikuwa linatazama kusini, jua limelipiga vizuri, mawe yana joto la kubembeleza. Bi Margit alikaa juu yake, akafumba macho, akasema, “Hapa. Hapa Elsa atakaa na kwaya nzima, nao watadhani ni wazo lao.”

Na hapo ndipo palipokuwa na kosa letu, kosa ambalo Mswidi peke yake angeweza kulifanya, nami nilikuwa nimekaa Stockholm muda wa kutosha kuwa Mswidi. Kwa watu wa huku, jua ni mgeni wa heshima. Likionekana, wote hukimbilia ukutani kuliinulia nyuso. Mtu anayepanga vituo katika baridi ya Stockholm huota mabenchi yenye jua. Mimi mzaliwa wa Kismayu, niliyefundishwa tangu tumboni kwamba benchi lisilo na mtu juani lina sababu yake, nilikubali kwa kichwa, nikalifurahia lile joto, nikafungua soksi.

Kwaya ya Farsta ilikwenda mwezi wa sita, nasi wawili tukaiongoza.

Mpaka kanisani mambo yalikwenda kama sala. Bahari ilikaa upande wake. Mfinyanzi aliirefusha hadithi ya samaki wake mpaka samaki akawa na wajukuu. Bi Elsa aliketi kwenye kigoda dukani humo, lakini na wenzake wengi waliketi, kwa hiyo hakuna aliyemwona. Asubuhi ile, hotelini, alikuwa amekuja kwenye basi “kuwaaga tu,” na Bi Margit akamwambia kwamba leo ni mwendo wa kutazama duka la sahani, na duka liko karibu na basi litakaposimama. Hakusema uongo. Duka lilikuwa karibu na basi. Hakusema tu kwamba baada ya duka kuna kahawa, na kahawa iko karibu na duka.

Bengt alininong’oneza, “Huyu ataishia wapi? Sitaki aaibike.”

“Ataishia tutakapoishia sisi sote,” nilimjibu, kwa sauti yenye uhakika kuliko moyo.

Tukafika kwenye benchi. Jua la mwezi wa sita lilikuwa limelichoma tangu alfajiri. Mwanakwaya wa kwanza aliketi na akaruka juu kwa yowe. Wa pili aligusa kwa kiganja akakiondoa. Hapakuwa na wa tatu. Watu wakaanza kusema basi tusonge mbele, bustani si iko pale? Nami nikamwona Bi Elsa amesimama ameegemea mkongojo ambao sasa hakuuficha, midomo imekuwa myeupe. Alipumua, akajiweka sawa, na nikauona mkono unaanza kuinuka. Ule mkono wa kupunga. Alikuwa anakaribia kusema, “Nendeni ninyi, mimi msinijali.”

Bi Margit aliuona kabla yangu. Sijapata kumwona mtu akifikiri kwa haraka namna ile. Aliingia chini ya tao, penye kivuli, akapaza sauti ya tramu, sauti iliyowahi kusimamisha umati wa watu mlangoni: “Jamani! Hebu njooni mlisikilize hili tao! Likiimbiwa, linarudisha!”

Mwanakwaya hawezi kuambiwa hivyo akapita. Waliingia wote kivulini, Bengt akatoa sauti ya kuanzia, wakaimba. Tao lilirudisha kweli. Bi Elsa aliegemea ukuta wa mawe baridi na sauti yake ya chini ikatoka, ikajaza sakafu ya wimbo.

Lakini kusimama si kuketi, na wimbo una mwisho. Mlango wa jirani ukafunguliwa. Bi Assunta akatoka na kile kiti chake cha majani, akawaangaza watu, na jicho la kikongwe halikosei: akaelekea kwa Bi Elsa moja kwa moja. Nikaikumbuka haya yangu ya majira ya kuchipua. Nikamfuata mbio, nikamshika kiwiko.

“Mama, si yeye,” nikamwambia kwa Kitaliano. “Ukimpa yeye peke yake, atakataa, kisha atarudi hotelini.”

“Lakini ana maumivu, mwanangu!”

“Ndiyo. Kwa hiyo wape wote.”

Alinitazama. Akatazama kwaya nzima. Kisha akaelewa, akageuka akapiga kelele kuelekea madirishani, na milango ikafunguka. Vikatoka viti vya jikoni, vigoda, kasha la malimau lililopinduliwa, kiti cha kinyozi, sijui kilitoka wapi, hata kiti kirefu cha kulishia mtoto. Cha kwanza alipewa Bengt, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote ila uongozi. Kila mtu akaketi. Bi Elsa akaketi kwenye kiti cha majani, katikati, kama wengine. Wakaimba wimbo wa pili wameketi, na wa tatu, majirani wakiwa wamejaa madirishani.

Bi Margit alisimama kando yangu. Aliniambia neno ambalo nimeliweka mpaka leo: “Kiti kimoja ni sadaka, Esha. Viti vingi ni karamu.”

Sehemu iliyobaki ilipandwa polepole kwa sababu majirani walitusindikiza, na mtu hatembei haraka akiwa anasindikizwa. Bustani ikapita, maua yake na kivuli chake. Njia ikanyooka. Mbele yetu ikatokea ile baraza, ina sanamu za vichwa vya mawe ukingoni, na baada ya vichwa vile hapana kitu. Ni buluu tu. Huwezi kujua bahari imekomea wapi mbingu ikaanzia wapi.

Bi Elsa alikwenda mpaka ukingoni akaweka kiganja juu ya jiwe. Waliimba pale, wote, na sauti ya chini ilikuwepo.

Baadaye tulipokuwa tunateremka, alimvuta Bi Margit pembeni. Nilisogea karibu, nikidhani anataka kushukuru, na kwamba sasa siri imefichuka. Bi Elsa alikuwa amekunja uso.

“Sipendi kusema,” alisema, “lakini safari hii ina vituo vingi mno. Duka, kahawa, nyimbo, viti. Hawa wenzangu wamekuwa wavivu. Kama mngewahimiza kidogo, tungefika mapema, tukakaa juu kwa muda mrefu zaidi.”

“Nitalizingatia,” Bi Margit alijibu kwa unyenyekevu mkubwa. “Kwa kikundi kijacho.”

Bi Elsa alipokwisha kutangulia, Bi Margit aligeuka akatazama ukuta. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kisha sikuwa na hakika tena ni kipi. Akajipangusa uso kwa ile soksi ya sufi iliyokuwa mkobani, akasema, “Umesikia, Esha? Amelalamika!”

Sijapata kuona mtu akifurahia lawama kama vile. Zilikuja shukrani nyingi ofisini kwetu miaka ile, na maua, na kadi za Krismasi. Bi Margit alizipokea na kuzisahau. Lakini lile lalamiko la mshonaji wa Farsta alilisimulia kila majira ya baridi, tulipokuwa tumekaa tunapanga pwani ya mbali huku theluji inagonga dirisha, mpaka mafuta yalipopanda bei, safari zikapungua, na ofisi yetu ikamezwa na kubwa kuliko yenyewe. Wale wapya walileta safari zilizokwisha pangwa, za mzunguko, zinazopendeza katika ramani. Sina ubaya nao. Wala sina ubaya na simu zenu, ambazo najua zinaonyesha kila kichochoro cha Ravello. Lakini Zuhura, iulize hiyo simu yako jiwe gani lina moto mwezi wa sita, na nani jirani yake ana viti.

Zuhura ameacha kuandika. Ananiambia kwa Kiswidi kwamba Idi hakuwa na nia mbaya. Mwandikie kwamba najua. Bengt naye hakuwa na nia mbaya. Wanaotuacha gatini hawana nia mbaya hata mmoja. Ndiyo maana tunawapungia mkono.

Sasa agizo langu, na ni agizo. Jumapili mtakuja wote. Mwiko uko jikoni, soksi ziko kwenye droo ya chini. Idi atafungwa goti na nyonga, nitamfunga mwenyewe, na atatembea kutoka stesheni ya treni mpaka mlangoni pangu akiwa na mkoba wa mawe. Kila atakapolazimika kusimama, mweke alama ya chokaa. Kisha mtakaa mezani kwangu na kuipanga siku ya Ravello upya, kuanzia mwisho.

Sitaki kubebwa. Sitaki kuonewa huruma, wala sitaki kuwekewa kiti peke yangu. Nataka nifike kwenye ile baraza, niweke kiganja juu ya lile jiwe, na tukiwa tunateremka niwageukie ninyi nyote nikiwa nimekunja uso, niseme kwamba wajukuu zangu ni wavivu, mnasimamasimama kila mahali, na kwamba kama si ninyi ningefika mapema.

Nipangieni hivyo. Nina hamu sana ya kulalamika.